Mkazo wa Uzi: Historia ya Tatizo Lililozaliwa Pamoja na Cherehani

Cherehani ya nyuzi mbili hushona kwa kuufunga uzi wa juu na uzi wa chini ndani ya unene wa kitambaa. Uzi wa juu hutoka kwenye rili, hupita kati ya visahani viwili vinavyobanwa na springi, hupanda hadi kwenye mkono wa kuvutia uzi, kisha hushuka na kuingia katika tundu la sindano. Wa chini hutoka kwenye bobini iliyomo ndani ya kikasha chake, chini ya bamba. Nyuzi hizo zikivutana kwa nguvu zilizo sawa, fundo lao hujificha katikati ya kitambaa na mshono huonekana safi pande zote mbili. Wa juu ukilegea, vitanzi hutokeza upande wa chini. Ukikazwa kupita kiasi, humvuta mwenzake mpaka aonekane juu, na mwisho hukatika. Nguvu hiyo ya kuvutana ndiyo mkazo wa uzi. Historia nyingi za cherehani huandikwa kwa majina ya waliobuni sindano na waliopata hataza, lakini kilichoamua kama mashine itafanya kazi au itabaki kioja cha karakana kilikuwa mkazo, na hadi leo ndio unaowasumbua zaidi wanaoshona mifarishi kwa mashine.

Mshonaji wa mkono hakulijua tatizo hili, kwa sababu vidole vyake ndivyo vilivyokuwa springi. Alikata uzi usiozidi urefu wa mkono wake, akaupitisha katika nta ukianza kuchanika, na kila alipovuta alihisi kama kitambaa kimekunjamana au uzi umelegea. Alirekebisha bila hata kufikiri. Tena uzi wake ulipita kila tundu mara moja tu. Mashine ilitakiwa kufanya kazi hiyohiyo bila vidole, kwa uzi mrefu usio na mwisho, na kwa kasi ambayo haimpi mtu nafasi ya kuhisi chochote.

Majaribio ya mwanzo yaliukwepa ugumu huo badala ya kuukabili. Charles Wiesenthal, Mjerumani aliyeishi London, alipata hataza mwaka 1755 kwa sindano iliyochongoka pande mbili. Mwaka 1790 Thomas Saint, seremala wa samani wa Uingereza, alichora mashine ya kushona ngozi na turubai. Mchoro wake ulikaa kwenye makabrasha ya hataza hadi miaka ya 1870, William Newton Wilson alipouvumbua na kuunda mashine kwa kuufuata. Haikushona mpaka ilipofanyiwa marekebisho.

Aliyefika mbali zaidi ni Barthélemy Thimonnier, fundi nguo wa Ufaransa, aliyepewa hataza mwaka 1830. Mashine yake ilikuwa na sindano ya ndoano na uzi mmoja tu, ikitoa mshono wa mnyororo ambamo kila kitanzi hushikwa na kitanzi kinachofuata. Mapema mwaka 1831 karakana yake ya Paris ilikuwa na mashine zipatazo 80 zikishona sare za jeshi, ndipo mafundi waliohofia riziki zao walipoivamia na kuzivunja. Kwa upande wa mkazo, mshono wa mnyororo una nafuu kubwa: hakuna nyuzi mbili za kusawazishwa, kwa hiyo mashine husamehe makosa mengi. Lakini una udhaifu wake. Uzi ukikatika mahali pamoja, mshono mzima waweza kufumuka kwa kuvutwa mara moja. Kwa suruali ya askari na shati la mkulima, kasoro hiyo si ndogo. Waliotaka mshono wa kudumu walilazimika kurudi kwenye nyuzi mbili, na pamoja nazo wakapokea tatizo la kuzisawazisha.

Walter Hunt wa New York alitengeneza mashine ya namna hiyo karibu mwaka 1834, yenye sindano ambayo tundu lake liko kwenye ncha, pamoja na shato, kijichombo kilichobeba uzi wa chini. Hakuomba hataza. Elias Howe wa Massachusetts aliipata yake tarehe 10 Septemba 1846. Katika mashine ya Howe, kitambaa kilining'inizwa wima kwenye bamba lenye pini, na sindano iliyopinda ilikwenda mbele na nyuma kwa mlalo. Bamba likimalizika, fundi alisimama, akachomoa kitambaa na kukipachika upya. Mshono ulikuwa mzuri kwa urefu wa bamba moja, na katika mashindano yaliyofanyika Boston mashine hiyo iliwashinda kwa kasi wanawake watano hodari wa kushona kwa mkono. Hata hivyo Wamarekani hawakuinunua. Howe akaipeleka Uingereza, ambako William Thomas, mtengenezaji wa koseti, alinunua haki zake za nchi hiyo kwa pauni 250.

Tukio linaloonyesha vizuri zaidi jinsi mkazo ulivyokuwa mlango wa mwisho lilitokea Boston mwaka 1850. Katika karakana ya Orson Phelps zilikuwa zikitengenezwa cherehani za Lerow na Blodgett, ambazo shato lake lilizunguka duara. Mzunguko huo ulikuwa na ubaya ambao macho hayauoni upesi: kila shato lilipozunguka, lilifumua kidogo msokoto wa uzi. Uzi uliofumuliwa msokoto hubaki nyuzinyuzi zilizolala pamoja bila kushikana, na huchanika kwa mvuto mdogo tu. Mashine hizo zilirudi karakanani mara kwa mara. Isaac Merritt Singer, mwigizaji wa jukwaani aliyekuwa pia fundi mitambo, alizitazama akapendekeza shato liende na kurudi katika mstari ulionyooka, sindano ishuke wima, na kitambaa kilale juu ya meza. George Zieber, mshirika wake, alitoa dola 40 za gharama.

Kwa masimulizi ya Singer mwenyewe, aliyoyatoa miaka kadhaa baadaye, mashine ilikamilika baada ya siku 11, usiku wa saa tatu hivi. Wafanyakazi walikuwa wamekwisha kuondoka mmoja mmoja, wamekata tamaa. Zieber alishika taa, Singer akajaribu kushona, na kila alipojaribu mshono haukushika. Karibu na usiku wa manane waliacha, wakaelekea hotelini. Njiani waliketi kwenye rundo la mbao, wanyonge, na Zieber akauliza kama Singer ameona kwamba vile vitanzi vilivyolegea juu ya kitambaa vilitokana na uzi wa sindano. Hapo ndipo Singer alipong'amua kwamba walikuwa wamesahau kurekebisha mkazo wa uzi huo. Walirudi karakanani, wakaurekebisha, na mashine ikashona mishono mitano iliyokamilika. Kisha uzi ukakatika.

Masimulizi ya mvumbuzi kuhusu usiku wake wa ushindi yapaswa kusomwa kwa tahadhari, na Singer alikuwa mwigizaji aliyejua kupanga hadithi. Lakini maelezo ya kiufundi yanakubaliana na ukweli wa mashine. Sindano ilikuwepo, shato lilikuwepo, meza ilikuwepo, na bado hapakuwa na mshono kwa sababu uzi mmoja haukuwa na kitu cha kuuzuia. Ulipozuiwa, mshono ulipatikana, na dakika hiyohiyo likajitokeza tatizo la pili, kukatika. Matatizo hayo mawili hayajaachana tangu usiku huo. Singer alipata hataza tarehe 12 Agosti 1851.

Siku hiyohiyo Allen Wilson alipewa hataza ya ndoano inayozunguka, aliyoibuni ili aachane kabisa na shato la kwenda na kurudi. Mwaka uliofuata akaongeza bobini isiyosogea, na mwaka 1854 akakamilisha meno yanayopanda, kusukuma kitambaa, kushuka na kurudi, ambayo yangali chini ya bamba la karibu kila cherehani. Ndoano ya Wilson ilileta kasi na utulivu, lakini iliuongezea uzi wa juu mzigo mkubwa. Ili uzi huo ufunge wa chini, sindano ikianza kupanda hutengeneza kitanzi kidogo ubavuni mwake. Ncha ya ndoano hukidaka kitanzi hicho, hukipanua na kukizungusha bobini nzima. Kisha mkono wa kuvutia uzi hukirudisha juu kwa nguvu hadi fundo likae mahali pake. Kinachobaki ndani ya kitambaa kwa kila mshono ni milimita chache tu, na uzi mwingine wote hurudi juu kungoja zamu nyingine. Kwa hiyo sehemu ileile ya uzi hupita kwenye tundu la sindano, huku na huko, makumi ya mara kabla ya kutulia kwenye nguo. Uzi wa mshonaji wa mkono haukuwahi kusuguliwa hivyo.

Vita vya hataza vilivyofuata vinajulikana na havihitaji kukaliwa hapa. Howe alishinda mahakamani mwaka 1854, na mwaka 1856 kampuni kubwa ziliunganisha hataza zao katika umoja uliodumu hadi 1877. La maana zaidi kwa habari hii ni kwamba kufikia wakati huo mashine ilikuwa imekwisha kuutangulia uzi.

Cherehani za mwanzo zilikula uzi wa hariri na wa kitani, kwa sababu uzi wa pamba uliokuwa madukani haukustahimili. Uzi huo wa pamba ulikuwa na asili yake Paisley, mji wa Uskoti. Mwaka 1806, Napoleon alipofunga biashara kati ya Uingereza na bara la Ulaya, wafumaji wa shali wa Paisley walikosa hariri ya kutengenezea sehemu za mitambo yao, na ukoo wa Clark ukabuni uzi wa pamba laini wa kuziba pengo hilo. Mwaka 1812 familia hiyo ilifungua kiwanda cha uzi wa kushonea. Ulikuwa uzi wa nyuzi tatu, uliopakwa gundi ili ung'ae na kuteleza. Mkononi ulifaa sana. Kwenye cherehani gundi ile ilikauka, ikaufanya mgumu, ikabanduka na kubaki kwenye visahani, na uzi wenyewe, ulio na unene usio sawa, ulikwama katika tundu la sindano.

Jibu lilipatikana miaka ya 1860, George Clark alipoanza kuuza kutoka Newark, New Jersey, uzi laini wa nyuzi sita: nyuzi mbilimbili zilisokotwa pamoja, kisha jozi tatu zikasokotwa tena kuwa uzi mmoja. Uzi wa namna hiyo una unene unaofanana kutoka mwanzo wa rili hadi mwisho, na uzi mmoja mdogo ukiwa dhaifu mahali fulani, mitano mingine huubeba. Mwelekeo wa msokoto nao ulipata umuhimu ambao haukuwa nao mkononi. Mwendo wa ndoano na sindano hukaza msokoto wa upande mmoja na kufumua wa upande mwingine, kwa hiyo uzi wa cherehani ya mshono wa kufunga husokotwa, katika hatua ya mwisho, kuelekea kushoto. Ukiwekwa uzi uliosokotwa kinyume, utafumuka na kuchanika hata kama kila skrubu iko mahali pake. Ni kosa lilelile la mashine za Lerow na Blodgett, limerudi kwa njia nyingine.

Maendeleo mengine ya uzi yalikuja polepole. John Mercer wa Lancashire aligundua mwaka 1844 kwamba pamba ikitumbukizwa katika magadi makali huvimba na kuwa imara zaidi, na mwaka 1890 Horace Lowe alionyesha kwamba ikifanyiwa hivyo huku imevutwa hupata pia mng'ao unaofanana na wa hariri. Kampuni za Coats na Clark za Paisley ziliungana mwaka 1896. Sindano nayo ilibadilika: ilichongwa mfereji mrefu upande mmoja, ili uzi ujifiche humo wakati sindano inapozama katika kitambaa, na upande wa pili, juu kidogo ya tundu, ikakwanguliwa kibonde cha kuipa ncha ya ndoano nafasi ya kukaribia bila kuigusa. Vitu hivyo viwili havionekani kwa mtu anayetazama cherehani kwa mbali, lakini ndivyo vinavyoeleza kwa nini sindano iliyopachikwa ikiwa imegeuka kidogo tu hukata uzi kwa mishono michache.

Visahani vya mkazo vilivyozoeleka leo, viwili, vyenye springi na kokwa ya kukazia, vilikuwa jambo la kawaida katika nusu ya pili ya karne ya 19. Baadaye kiliongezwa kijiti kinachoviachanisha mguu wa kukandamiza unapoinuliwa. Nyongeza hiyo ilirahisisha kuvuta kitambaa, na ikaleta kosa jipya ambalo limewapotezea watu saa nyingi: anayepitisha uzi mguu ukiwa chini huuweka juu ya visahani vilivyofungwa badala ya kuuingiza kati yake. Mashine itashona, na chini ya kitambaa patajaa vitanzi. Mshonaji huona fujo upande wa chini, hulaumu bobini, huanza kuchezea skrubu ya kikasha, na sasa ana matatizo mawili. Namba zilizochapwa kwenye kitufe cha mkazo katika karne ya 20 nazo zilileta dhana ya kupotosha. Zinaonyesha mahali kitufe kilipo, si nguvu iliyo kwenye uzi. Namba 4 ya cherehani moja si namba 4 ya nyingine, wala ya ileile baada ya kubadilishiwa uzi.

Wakati huo cherehani ilikuwa imekwisha kusambaa duniani. Kiwanda cha Singer cha Clydebank, Uskoti, kilichofunguliwa mwaka 1885, kilitoa zaidi ya mashine milioni moja mwaka 1913. Katika pwani ya Afrika Mashariki zilikaa kwenye baraza za maduka, nyingi mikononi mwa mafundi wenye asili ya India, na baadaye kwa mafundi wa kila jamii, kushona kanzu, magauni na sare za shule. Umbo la Singer namba 15, lenye kikasha cha bobini kinachochomolewa, liliigwa Japani na kisha China, na cherehani za Butterfly za Shanghai zinazokanyagwa kwa miguu katika miji na vijiji vya Tanzania na Kenya ni wajukuu wa umbo hilo. Kwa hiyo fundi wa Kariakoo au Mombasa anapokaza kiskrubu cha kikasha kwa ncha ya kisu, anagusa mpangilio uleule uliokubaliwa karne moja iliyopita. Mashine hizo zikizeeka huonyesha jinsi uzi, kitu laini, unavyoweza kula chuma: kwenye vishikizo ambamo umepita miaka mingi huchimbika mifereji myembamba, na kingo za mifereji hiyo huuchana uzi mpya.

Zote hizi, tangu Singer hadi Butterfly, zilijengwa juu ya dhana moja, kwamba kitambaa huenda upande mmoja tu. Meno hukisukuma kwenda nyuma, uzi hukifuata, na sindano, ndoano na visahani vimepangwa kuutarajia uzi kutoka upande huo. Mfarishi ndio uliovunja dhana hiyo.

Mfarishi una tabaka tatu: kitambaa cha juu, mara nyingi kilichounganishwa kwa vipande vingi, pamba au sufi katikati, na kitambaa cha chini. Mishono inayozishika tabaka hizo pamoja ndiyo pambo lake pia, nayo hupinda, huzunguka na kurudi ilikotoka. Marekani, ambako ufundi huu ulistawi sana katika karne ya 19, kazi hiyo ilifanywa hasa kwa mkono, mfarishi ukiwa umetandikwa kwenye fremu na wanawake wameketi kuuzunguka. Wapo waliotumia cherehani tangu ilipoingia majumbani, lakini heshima ilibaki kwa mkono. Onyesho la mifarishi katika jumba la makumbusho la Whitney, New York, mwaka 1971 liliwafanya wengi waitazame kama sanaa, na washonaji wapya wakaongezeka, wengi wao wakiwa hawana miezi ya kutumia kwa mfarishi mmoja. Waliyashusha meno ya cherehani zao na kukisogeza kitambaa kwa mikono, kila upande. Mwaka 1989 mfarishi wa Caryl Bryer Fallert uitwao Corona II: Solar Eclipse ulishinda tuzo kuu katika onyesho la American Quilter's Society huko Paducah, Kentucky. Ulikuwa wa kwanza ulioshonwa kwa cherehani kupata tuzo hiyo, na wapenzi wa mkono walilalamika kwa uchungu.

Sambamba na hayo zilienea mashine za mkono mrefu, kama zile za Gammill wa West Plains, Missouri. Hapa mpangilio umegeuzwa: mfarishi hutulia kwenye fremu, na kichwa kizima cha cherehani hutembea juu ya magurudumu madogo kwenye reli, mshonaji akikishika mikono miwili kama anayeendesha jembe la kukokotwa. Mkono wenyewe hufikia sentimita 45 hadi 75 kwenda ndani. Sindano hupiga mamia ya mishono kwa dakika, na katika mashine nyingi zaidi ya elfu moja.

Kwa mkazo wa uzi, mgeuko huo ulirudisha kila tatizo ambalo karne ya 19 ilidhani imelimaliza. Kichwa kinapokwenda upande ambao mashine iliutarajia, uzi hutulia. Kinapokwenda kinyume, sindano iliyozama katika tabaka tatu husukumwa na kupinda kidogo, na ncha ya ndoano, iliyopimwa ipite karibu mno na sindano iliyonyooka, hukikosa kitanzi au huichana sindano yenyewe. Kwenye kona ya duara, uzi wa chini hukatiza njia iliyo fupi kuliko ule wa juu, na upande wa nyuma wa mfarishi hutokeza safu ya vitanzi vidogo ambavyo washonaji wa Marekani huvifananisha na kope. Watu wengi wakiziona hukaza uzi wa juu. Kope hupungua, uzi huanza kukatika, nao hulegeza tena. Mzunguko huo hauna mwisho mpaka watambue kwamba kosa lilikuwa kasi ya mkono kwenye kona.

Kutokana na uzoefu huo mafundi wa mashine hizi walifikia utaratibu ambao haukuanzia kwenye kitufe cha mkazo. Kwanza hutazamwa ncha ya uzi uliokatika, kwa sababu hubeba ushahidi. Ncha iliyokatika safi, kama kwa mkasi, huonyesha uzi ulibanwa ghafla mahali fulani, pengine umejizungusha kwenye kijiti cha rili au umekutana na ukingo mkali wa ndoano au bamba. Ncha iliyochanika na kuvimba nyuzinyuzi kwa sentimita kadhaa huonyesha msuguano wa muda: tundu la sindano ni dogo kwa uzi huo, sindano imeharibika, au mkazo ni mkubwa mno. Ncha yenye kishanga kigumu kilichojiviringa ni ya uzi ulioyeyuka.

Ushahidi huo wa tatu haukuwezekana kabla ya karne ya 20. Mwaka 1941 John Rex Whinfield na James Tennant Dickson, watafiti wa kampuni ya Calico Printers' Association ya Manchester, walibuni nyuzi za poliesta. Uzi wake una nguvu kuliko wa pamba, hauozi kwa unyevu na hautoi vumbi jingi, hivyo ulipendwa sana na wenye mashine za kasi. Lakini sindano inayotoboa tabaka nene kwa kasi kubwa hupata moto, na katika viwanda huweza kuvuka nyuzi joto 200 za selsiasi. Poliesta huyeyuka ikikaribia 260, na hulegea mapema kabla ya hapo. Pamba haiyeyuki kabisa. Watengenezaji walijibu kwa kuupaka uzi silikoni, na kwa kutengeneza uzi wenye kiini cha poliesta kilichofunikwa kwa pamba.

Baada ya ncha kusomwa, hubadilishwa sindano. Ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote vinavyoshukiwa, na kipimo chake kina maana: sindano ya 90 ina unene wa milimita 0.9, na kwa uzi mnene wa mifarishi huhitajika ya 100 au 110, ili tundu liupe uzi nafasi na shina lisipinde. Kisha uzi hupitishwa upya kuanzia kwenye rili, mguu ukiwa juu. Ndipo hufikiwa kikasha cha bobini, na hapo husafishwa kwanza, maana punje moja ya vumbi la pamba chini ya kibamba chake cha springi hulegeza uzi wa chini wote. Kikasha hushikwa kwa kuning'inizwa kwenye uzi wake. Kikiporomoka hadi chini, kimelegea. Kisiposogea hata kikitikiswa, kimekazwa mno. Kikishuka kidogo kwa kila mtikiso na kusimama, kinafaa. Skrubu huzungushwa kwa kiasi kidogo sana, kama dakika tano za mshale wa saa, na hujaribiwa tena. Uzi wa juu hurekebishwa mwisho, ukifuata wa chini, kwenye kipande cha majaribio chenye tabaka zilezile tatu, kwa kushona duara na si mstari. Mpangilio huu wa kazi una mantiki yake: uzi wa chini hupita kizuizi kimoja tu na hubadilika polepole, ilhali wa juu hupita vingi, hivyo ni sahihi kuupatanisha unaobadilika na uliotulia.

Bobini kubwa za mashine hizi zilileta tatizo lao. Kichwa kikisimama ghafla, bobini huendelea kuzunguka kwa uzito wake na kumwaga uzi ndani ya kikasha. Mshono unaofuata huanza ukiwa legevu, kisha uzi hunaswa na kukatika. Kijispringi chembamba kilichowekwa chini ya bobini huizuia isizunguke bure, na uzi uliojazwa kwenye bobini kwa mkazo usiobadilika hupunguza shida hiyo zaidi.

Kubahatisha kulipungua kilipopatikana kipimo kidogo cha Towa cha Japani, ambacho hupokea kikasha, huvuta uzi wake juu ya kigurudumu na kuonyesha nguvu yake kwa gramu. Mabadiliko makubwa zaidi yalikuja na kirekebisha mshono, kifaa ambacho husoma mwendo wa magurudumu kwenye reli na kuiongeza au kuipunguza kasi ya mota ipasavyo. Mkono ukienda haraka, sindano nayo huharakisha. Ukisimama, sindano husimama. Kabla ya hapo mshonaji aliyesogeza kichwa haraka kuliko mota aliiburuta sindano ikiwa bado ndani ya kitambaa. Mashine zinazoongozwa na kompyuta zimeongeza kihisio kinachotambua uzi umekatika na kusimamisha kazi, na baadhi zina visahani vinavyoendeshwa na mota ndogo, ambavyo mkazo wake huandikwa kwa tarakimu na kukumbukwa kwa kila aina ya uzi. Kihisio hicho hutoa taarifa baada ya uzi kukatika. Mkazo wa uzi wa chini, hata kwenye mashine hizo, bado kwa kawaida hurekebishwa kwa bisibisi ndogo kwenye skrubu ya kikasha.